Auto kwenye Kitonga, Inyala na Igawilo: gia chagua wewe, breki ya dharura haiujui mlima

#1 Tela la Uyole

Wakuu, habari za humu ndani.

Kwenye vijiwe vya madereva hapa Uyole ubishi ni uleule. Huyu anasema auto haifai milimani, yule anamjibu kwamba magari ya siku hizi yanajifunga breki yenyewe, kwa hiyo wasiwasi wa nini. Mimi siko upande wowote. Kazi yangu ni kuwakabidhi madereva malori wasiyoyazoea na kukaa nao pembeni njia ya Tunduma–Dar mpaka wayaelewe. Ninachokiona ni kwamba giaboksi haina ugomvi na mlima. Tatizo ni dereva kuiachia D (gia zinajibadilisha zenyewe) iamue kila kitu, halafu akategemea sensa imwokoe akiwa ameshaharibikiwa katikati ya mteremko.

Tuanze na giaboksi yenyewe, maana watu wanachanganya. Volvo yenye I-Shift (imeanza 2001), Scania yenye Opticruise, Mercedes yenye PowerShift: zifungue ndani utakuta gia za meno zilezile na klachi kavu ileile unayoijua. Kilichoondolewa ni pedali. Kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi badala yako. Auto ya Crown au IST ya zamani ni kitu kingine kabisa. Pale kati ya injini na giaboksi kuna torki konveta, mafuta ndiyo yanayosukumana, ndiyo maana ukiachia breki gari linatambaa.

Sasa chukua dereva aliyetoka kwenye gari dogo, mpe lori, halafu Kitonga kuna semi imekwama mbele na foleni inasogea hatua kwa hatua. Utamwona analishikilia lori kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo lisirudi nyuma. Anaunguza klachi. Dashibodi itaanza kulia kuwa klachi ina joto, na yeye atasema auto ni mbovu. Simama kwa breki ya mguu. Kama lori lina mfumo wa kulishikilia kwenye mwinuko, uwashe. Kama halina, weka hendibreki, kanyaga mafuta, na uiachie pale unaposikia lori limeanza kuvuta.

Na unapopanda na mzigo, usiiache ibadilishe gia katikati ya kona. Malori haya yakibadilisha gia nguvu inakatika kidogo, na ukiwa na tani 56 kwenye mwinuko mkali, hicho kidogo kinatosha kukumalizia mwendo wote. Weka M (gia unachagua mwenyewe) ukiwa bado chini, chagua gia unayojua itakufikisha juu.

Kuteremka ndiko penye kesi. Wazee wana kanuni yao: shuka na gia uliyopandia. Kwenye auto bado inafaa, ila sharti uchague KABLA pua ya gari haijaangalia chini. Sababu ni hii: kompyuta inailinda injini. Ukishaachia kasi ikazidi, ukaomba gia ya chini, itapiga hesabu ya mizunguko, itaona injini itapasuka, itakukatalia. Utavuta na kuvuta, gia haishuki. Mifumo mingine itakupandishia gia yenyewe ili kuiokoa injini, na wewe ndiyo unazidi kukimbia. Hapo umebaki na breki za magurudumu peke yake.

Na breki za magurudumu zina kikomo chake. Lori la tani 56 likishuka mita 100 za kimo linazalisha joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 160 za maji ya baridi. Joto hilo lazima liende mahali. Ukitumia breki ya injini na ritada (kifaa kinachopunguza mwendo bila kugusa breki za magurudumu), linatoka kwa egzosi na rejeta. Ukikaa na mguu kwenye pedali kutoka juu mpaka chini, lote linaingia kwenye dramu na pedi. Zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena, hata uzikanyage kwa miguu yote miwili. Halafu hesabu: Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Anayepeleka mzigo Kyela anashuka zaidi ya mita 1,200, na hapo bado sijaongeza kwamba kwanza anapanda hadi Isyonje.

Kwa hiyo: ritada au egzosi breki iwashwe mapema, injini iwe kwenye eneo la buluu la mizunguko (zile Volvo zimechorwa kabisa), na breki ya mguu uitumie kwa kipimo. Ikizidi kasi uliyojipangia, kanyaga kwa nguvu mpaka ipungue kama kilomita 8 hivi kwa saa, achia, zipoe. Ikipanda tena, rudia. Kugusagusa pedali bila kuachia ndiko kunakoua dramu.

Sasa hiyo breki ya dharura, yaani gari kujifunga breki lenyewe. Magari yenye mfumo huu yana rada nyuma ya bampa au grili, au kamera juu ya kioo cha mbele, au vyote. Kompyuta inapima umbali na kasi ya kilicho mbele. Ikiona mtagongana, inawasha taa, inalia, inakanyaga kidogo kukushtua, na usipofanya kitu inakanyaga yote. Ulaya imekuwa lazima kwa malori mapya tangu Novemba 2015, kwa hiyo mitumba mingi ya baada ya hapo inayoingia nchini inayo, hata kama dereva hajui.

Naombeni mlielewe hili vizuri: mfumo huo hauna breki za akiba. Unakanyaga breki zilezile ulizonazo. Kama umezipika kutoka Inyala juu, kompyuta itakanyaga breki zilizopikwa, na matokeo yatakuwa yaleyale ungekanyaga mwenyewe. Rada inaona tela la mbele. Haioni kwamba kuna kilomita kadhaa za mteremko mbele yako.

Jingine: ukikanyaga mafuta kwa nguvu, ukakata usukani ghafla, au kwenye baadhi ya magari ukiwasha indiketa, mfumo unaelewa kuwa umeamua mwenyewe, unakuachia. Dereva aliyepaniki akakanyaga mafuta badala ya breki anaweza kuwa ameuzima mfumo bila kujua.

Maswali leteni. Nawasilisha.


#2 viazi_mviringo

Uzi wa kwenda shule huu. Nimeweka kambi hapa.


#3 Gia ya Mkono

Mkuu heshima yako, ila auto ni za wavivu. Mimi na Fuso yangu ya manyuali natoa viazi Isyonje, lumbesa juu mpaka inagusa mawingu, na kila mteremko najua niko gia namba ngapi. Nyie mnauliza kompyuta. Na hata mafuta naokoa, penye mteremko mrefu napiga fri (naweka nyutro), injini inapumzika.


#4 Tela la Uyole

Gia ya Mkono, kaka, umeanza vizuri ukaharibu mwisho. Hiyo fri haikuokolei kitu. Injini za kisasa, ukiwa ndani ya gia na mguu umetoa kwenye mafuta, pampu inakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro inabidi inyunyize ili injini isizime. Kwa hiyo unalipa mafuta zaidi NA unapoteza breki ya injini. Na ukitaka kuirudisha gia kasi ikiwa juu, na lumbesa yako nyuma, utaitafuta mpaka Igawilo. Kwenye auto ni vibaya zaidi: ukishaenda N kwa kasi, kompyuta inaweza kugoma kuingiza.

Kuna malori yanajiachia fri yenyewe kwenye mteremko mdogo ili kuokoa dizeli, huko Mafinga–Makambako hayana shida. Ukikaribia mlima wa kweli weka M au gusa ritada, mfumo huo unajitoa.


#5 Mwl. wa Tukuyu

Ndaga sana mleta mada. Mimi si dereva wa malori, nina IST ya 2004, naitumia Tukuyu–Mbeya. Nimeendesha miaka yote hiyo kwa D, P, R, basi. Nikishuka kutoka Isyonje, hasa na abiria wanne, nasikia harufu kama ya plastiki inaungua. Mume wangu anasema ni breki mpya zinazoea. Breki zimewekwa mwaka juzi! Hizo 2 na L nazitumiaje, na kitufe kidogo cha pembeni kilichoandikwa O/D ni cha nini?


#6 Fundi Mafinga

Kamwene. Dada, mwambie shemeji breki za mwaka juzi zimeshazoea tangu mwaka juzi. Hiyo harufu ni pedi zinapikika.

IST yako ina gia nne. Ukibonyeza O/D taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, maana yake gia ya nne imefungwa, gari linabaki na tatu za chini. Hiyo itumie kwa mteremko wa kawaida. Mteremko mkali, punguza kasi kwanza kwa breki mpaka kama 40 au 50, kisha weka 2. Injini itapiga kelele, rpm itapanda hadi 3,000 au zaidi kidogo. Usiogope. Haili mafuta, haiharibiki, inafanya kazi yake. L ni ya mahali pa kutambaa tu, kama barabara ya vumbi yenye mteremko mkali sana. Magari mengine yana S au B badala yake, maana ni ileile: B kwenye mahaibridi ya Toyota ni breki ya injini, watu wanadhani ni gia ya siri ya kukimbia!

Jingine ambalo wateja wangu wengi hawalijui: mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewani. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, ikishalowa unyevu inaweza kuchemka 140 tu. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikilowa. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, pedali inazama mpaka chini bila kushika kitu. Watu wanasema gari "imefeli breki" kana kwamba ni mapepo. Badilisha kila baada ya miaka miwili. Kuongezea tu juu si kubadilisha. Na tazama kofia ya chupa imeandika DOT ngapi kabla hujamwamini muuza spea.

Kuegesha kwenye mlima pia: kanyaga breki, weka N, weka hendibreki, achia breki taratibu gari likae juu ya hendibreki, halafu ndiyo P. Mkiweka P kwanza, gari zima linaning'inia kwenye kipini kidogo ndani ya giaboksi. Ule mlio wa "ko!" asubuhi mnapotoa P ndiyo huo.


#7 Tela la Uyole

Na niongeze hapo kwa wa malori: auto ya lori HAINA P. Ukizima, giaboksi nyingi zinabaki nyutro. Unachobaki nacho ni hendibreki ya hewa na jiwe au gogo analoweka utingo. Sasa utingo naye akiondoa gari aondoe na jiwe, Kitonga tunakwepa mawe ya watu kila siku.


#8 Forester ya Iringa

Mimi nina Forester ya EyeSight, ile ya kamera mbili juu ya kioo. Nilipoinunua nilidhani nimemaliza habari ya ajali. Kitabu chake (nimetafsiriwa, redio yenyewe inaongea Kijapani mpaka leo) kinasema wazi: matoleo ya mwanzo yanaweza kuzuia kugonga kama tofauti ya kasi kati yako na wa mbele ni chini ya takriban 30 km/h. Juu ya hapo inapunguza ukali tu. Mimi nilikuwa natembea 100 pale Nyololo nikijua nina mlinzi!

Na ukungu wa Sao Hill asubuhi, kamera inajizima. Taa inawaka, inasema kitu, mimi najua tu kwamba sasa niko peke yangu. Jua la jioni likikupiga usoni, hivyo hivyo. Swali langu: niliwahi kubadilishiwa kioo cha mbele, tangu hapo inalia hovyo. Kwenye kona inashtukia lori linalokuja upande wake. Nifanyeje?


#9 Fundi Mafinga

Kamera ikitolewa kioo, lazima ipimwe upya kwa mashine, pembe ikikosewa kidogo tu inaona barabara ambayo si yako. Kulia kwenye kona mara mojamoja ni kawaida hata kwa iliyo sawa, maana inatazama mbele moja kwa moja na barabara yenyewe imekunja. Kulia kila kona si kawaida. Mpaka upate mwenye mashine, ni bora uuzime kwa kitufe kuliko likufungie breki huku basi liko nyuma yako.

Na nyie wa stika: bima, wiki ya nenda kwa usalama, picha ya nabii, zote mnazipanga palepale mbele ya kamera. Zisogezeni. Wa rada nao mnafunga bampa la chuma mbele, au tope la Makete limekauka kwenye grili, halafu mnashangaa kwa nini mfumo umelala. Futa kwa kitambaa kibichi, ni kazi ya nusu dakika.


#10 Dereva wa Basi

Hapo kwenye ritada naomba niweke neno. Inashika magurudumu ya nyuma yanayovuta tu. Mvua ikinyesha na gari ni tupu, ukiivuta yote kwa mkupuo nyuma inateleza, unajikuta unaangalia ulikotoka. Mvua: hatua moja au mbili, kasi ndogo, gia ya chini. Ushuke kama unabeba mayai.

Na krusi (ile inayoshikilia kasi yenyewe) muizime mnapoanza kushuka. Wengine wanaweka 80 pale tambarare, anafika mlimani bado anapiga stori na kondakta.


#11 Gia ya Mkono

Sawa ya fri nimekubali, nitaiangalia. Lakini Tela hujanijibu hili: hayo malori yenu ya kisasa mbona nayo yanajikunja barabarani? Kichwa kizuri, kina kila taa, tela linakuja kumpita pembeni.


#12 Tela la Uyole

Swali zuri hilo, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kichwa ni cha juzi, kina breki ya dharura na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge). Tela ni la enzi, limechongwa na kuungwa upya, halina ABS, au linayo lakini waya haujachomekwa kwa sababu soketi imevunjika. Kompyuta ya kichwa ikikanyaga yote kwa ghafla, kichwa kinasimama, tela halijapata habari au magurudumu yake yamefunga na kuteleza. Linasukuma. Matokeo ndiyo huko kujikunja. Kwa hiyo ile taa ya ABS ya tela inayowaka muda wote kwenye dashibodi, inayofunikwa na stika, ndiyo ya kuitazama kabla ya kuitazama rada.

Wenye magari wanasema waya ni gharama. Mimi nadhani mwenye gari anayetoa pesa ya redio na taa za urembo hana haki ya kulalamikia bei ya soketi.


#13 viazi_mviringo

Nimetoka kambini na swali. Ikitokea kweli, pedali imezama, uko katikati ya mteremko, unafanya nini? Jibuni kwa gari dogo na kwa lori.


#14 Fundi Mafinga

Dogo: USIZIME injini. Ukizima, usukani unakuwa mzito, na msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara chache tu. Pampu pedali haraka haraka, mara nyingi inarudisha kidogo. Shusha gia: O/D, 2, ikishapungua L. Usiweke P, haitafanya kitu zaidi ya kusaga meno. Hendibreki ya mkono, bonyeza kitufe cha juu ukishikilie, uvute na kuachia taratibu ili nyuma isifunge. Ya kitufe cha umeme, kivute ukishikilie, mengi yatafunga kwa mpangilio yenyewe. Washa hazadi, piga honi, tafuta upande wa mlima na siyo upande wa bonde.


#15 Tela la Uyole

Lori ni kinyume kwenye kitu kimoja: usipampu. Kila ukikanyaga na kuachia unamwaga hewa, na hewa ikipungua sana springi zinafunga magurudumu zenyewe, mahali usipopachagua. Kanyaga ushikilie. Ritada yote, egzosi yote, omba gia ya chini kila mizunguko inaporuhusu. Hendibreki ya lori nayo inavutwa kidogokidogo, ila kumbukeni inabana dramu zilezile. Kama zinatoa moshi, haitakuwa na muujiza. Ndiyo maana nasema kazi yote inafanyika juu kabla ya kushuka: simama, zunguka na utingo, gusa hewa, tazama tairi, chagua gia.


#16 Kona ya 57

Jumamosi nakwenda Matamba kupitia Chimala, zile kona 57. Nina Nissan X-Trail ya mtumba, auto ya mkanda. Nipande kawaida tu au kuna la kuangalia?


#17 Fundi Mafinga

Hiyo ni CVT, na adui yake ni joto la kupanda. Usikanyage mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu, panda taratibu, na kama ina L au kitufe cha sport kitumie ili isihangaike kutafuta uwiano kila kona. Ukiona gari limekosa nguvu ghafla bila taa yoyote ya injini, limejilinda kwa joto: simama mahali papana, weka P, liache linaunguruma lipoe. Mafuta yake ni ya CVT pekee, usikubali ya auto ya kawaida. Kushuka weka hiyo L au sport tangu kona ya kwanza. Umeshacheki mafuta ya breki?


#18 Kona ya 57

Sijacheki. Meusi kama chai ya rangi. Ijumaa nipo Chimala, kuna fundi wa kuaminika hapo au nimalizie Igawa?


#19 viazi_mviringo

Chimala yupo, nyuma ya stendi, uliza fundi wa Noah. Nenda na DOT 4 yako mkononi.